Sungura Amefukuzwa, na Sisi Tunapiga Makofi

Ndugu msomaji, usishangae kama katika kitabu hiki cha mila na desturi zetu ninaanza na mchezo wa watoto huko Marekani. Nitarudi Kilibula upesi. Jambo lenyewe lilianza katika mkutano wa kamati yetu, siku tulipokuwa tunachagua hadisi za kuweka ndani ya kijitabu cha watoto wa shule. Mwenzetu mmoja, mtu wa heshima, mwalimu kama mimi, akasimama na kusema: "Hadisi ya Sungura na kisima tuiweke, ila mwishoni Sungura aombe musamaha." Wengi walipiga makofi. Mimi nilikataa. Tulibishana mpaka mvua ikatutawanya, na haya ninayoandika ni yale ambayo mvua ilinikatiza.

Kampuni ya Disney ina bustani kubwa za michezo, moja California na nyingine Florida, na watu wanatoka nchi za mbali wakilipa feza nyingi kuingia. Mwaka 1989 walifungua California mchezo ulioitwa Splash Mountain; mwaka 1992 ukafika Florida na Tokyo. Watu wanaketi ndani ya chombo chenye sura ya gogo, maji yanakibeba polepole ndani ya mlima uliojengwa na watu, wanapita mbele ya masanamu ya wanyama yanayosogea na kuimba. Mwisho gogo linapandishwa juu na kuachiliwa kwenye mtelemko wa karibu metre 16, maji yanawarukia wote, watoto wanapiga kelele, wazazi pia.

Ndani ya mlima ule kulikuwa hadisi. Sungura ametoka nyumbani kutafuta mambo makubwa. Mbweha na Dubu wanamwinda, wanamkamata. Sungura anawaambia: nifanyeni mnavyotaka, lakini tafazali msinitupe ndani ya miiba. Nao kwa ubaya wao wanamtupa hapo hapo. Kumbe miibani ndipo alipozaliwa! Ule mwanguko wa gogo ndio ulikuwa Sungura akitupwa.

Sasa niambie, wewe uliyekulia kando ya ziwa hili, hadisi hiyo umeisikia wapi?

Mimi niliisikia kwa bibi yangu. Kwake kulikuwa ukame, wanyama wakakubaliana kuchimba kisima, Sungura akasema yeye hana nguvu ya jembe. Maji yalipopatikana akaja usiku kunywa na kuoga, akawachafulia wote. Walinzi wakubwa, Simba, Nyati, akawadanganya mmoja mmoja. Mwishoni Kobe akajipaka ulimbo mgongoni, akajilaza majini kama jiwe. Sungura akakanyaga, akanasa mguu. Akapiga ngumi, mkono ukanasa. Asubuhi wakamfunga, wakashauriana namna ya kumuua. Na yeye: "Munichome moto, sawa. Munikate kichwa, sawa. Lakini, wakubwa zangu, musinitupe mu matete!"

Oktoba 1996, vita ilipoingia Uvira, nilikuwa na miaka 15. Tulikimbia kwa miguu tukifwata ziwa kuelekea upande wa Fizi, bibi akibebwa mahali pengine na kutembea mahali pengine. Usiku mmoja tulilala ndani ya matete. Moto hatukuwasha, na wadogo zangu walikuwa wanalia njaa, na mama aliogopa kilio chao kuliko njaa yenyewe. Bibi akaanza hadisi ya kisima kwa sauti ya chini kabisa. Alipofika kwenye "musinitupe mu matete" alinyamaza kidogo, akavunja tete moja, akampa mdogo wangu wa mwisho alishike. Tulicheka tukiwa tumeziba midomo. Sijui kama bibi alipanga vile. Lakini tangu usiku ule mtu asiniambie kwamba Sungura ni hadisi ya kuwafundisha watoto wizi.

Turudi Marekani. Sungura alifikaje kule? Alivukishwa bahari. Watu waliouzwa kwenye mashamba ya Georgia na South Carolina walitoka sehemu nyingi za Afrika magharibi, na wengi walipakiwa kwenye pwani ya Kongo na Angola. (Wa kwetu wa ziwa hili walipelekwa zaidi upande wa mashariki, kwa Ujiji mpaka Unguja, tusichanganye njia.) Sungura mjanja anajulikana karibu kila pahali katika bara letu: Wanyarwanda wanamwita Bakame, watu wa Katanga na Zambia wanamwita Kalulu, Wawolofu wa Senegal wanamwita Leuk. Wataalamu wamebishana sana juu ya kile kipande cha kunaswa, wengine wakakitafuta mpaka India. Wabishane. Lakini kwamba Weusi wa kule waliisimulia usiku, kwa lugha ya bwana wao, bwana asielewe kwamba Dubu ni yeye, hilo halihitaji profesa.

Mzungu mmoja, Joel Chandler Harris, mwandishi wa magazeti wa Georgia, alizisikia hadisi hizi ujana wake kwa wazee watumwa kwenye shamba alikofanya kazi wakati wa vita yao ya wenyewe kwa wenyewe. Mwaka 1880 alizitoa katika kitabu, akazitia katika kinywa cha mzee mmoja wa kubuni, Uncle Remus. Mwaka 1946 Disney wakafanya filamu, Song of the South, na humo Weusi wa shamba wanaimba na kumpenda bwana kama kwamba hakuna kilichowahi kuwasibu. Shirika la kutetea Weusi, NAACP, lilipinga mwaka ule ule. James Baskett, aliyecheza yule mzee, hakuweza kuhuzuria filamu yake ilipoonyeshwa mara ya kwanza mjini Atlanta, sababu mji ule ulitenganisha Weusi na Weupe. Mwaka 1948 wakampa Oscar ya heshima. Filamu yenyewe kampuni iliificha: mara ya mwisho kuirudisha katika majumba ya sinema ya Marekani ilikuwa 1986.

Angalieni sasa. Walipojenga mchezo wao wa magogo, yule mzee msimulizi hawakumweka, wakasimulisha chura. Sanamu ya lami inayomnasa Sungura nayo wakaiondoa, wakaweka mzinga wa asali. Halafu Mei 2020 polisi walimuua George Floyd, Marekani nzima ikasimama, watu wakaweka sahihi kuomba mchezo ule ubadilishwe, na tarehe 25 Juni 2020 kampuni ikatangaza kwamba Sungura anaondoka California na Florida. Mahali pake ataingia Tiana, binti mfalme Mweusi wa kwanza wa filamu zao, yule wa mwaka 2009. Kwanza waliondoa mzee, kisha lami, mwisho Sungura mwenyewe.

Hapo ndipo ugomvi ulipowaka. Wapenzi wa mchezo, watu wazima wenye akili, waliweka sahihi zao kwa maelfu kupinga. Ulipofungwa Florida Januari 2023 walipanga foleni masaa kwa masaa kupanda mara ya mwisho; kuna waliochota maji ya ule mfereji katika chupa na kuyauza! Wanafunzi wangu wa darasa la sita walicheka sana nilipowasimulia. Mimi sikucheka sana. Mtu anayesema "hapa baba yangu alinileta nikiwa mdogo, na mimi nimemleta mtoto wangu" anasema jambo ambalo chama chetu kizima kimejengwa juu yake. Nilichowalaumu ni kingine: walilia juu ya gogo, juu ya wimbo, juu ya mtelemko, juu ya utoto wao. Juu ya wale wazee watumwa waliomleta Sungura hawakulia. Kwao mila ilianza mwaka 1989, siku ya kukata tiketi.

Na wale waliotaka mabadiliko? Juu ya filamu walikuwa na haki kabisa, na mtoto Mweusi wa kule kumwona Tiana mbele ya mlima ule si jambo dogo. Nisingetaka mtu amnyime. Lakini walikosea pahali pamoja pakubwa. Hadisi ikichafuliwa na kinywa kibaya, dawa ni kuirudisha kwenye kinywa chake. Wao walifanya kama Harris ndiye baba wa Sungura, wakamfukuza mtoto kwa kosa la mtu aliyemwiba. Kampuni ikafurahi, sababu haikulazimika kumwomba mtu ruhusa wala kumtaja mtu. Ingeweza kuwaita wasimulizi Weusi wa Georgia, ikawapa mlima ule, ikawaambia: semeni ninyi. Haikufanya.

Mchezo mpya ulifunguliwa Florida Juni 2024, California Novemba mwaka ule. Tiana anatafuta wanyama wapiga muziki kwa ajili ya sikukuu. Basi. Hakuna anayewinda, hakuna anayewindwa. Wengi wa wale wapenzi wamelalamika kwamba hakuna adui, na hapa, mimi niliyewacheka, ninawapa haki. Gogo bado linaanguka metre zile zile, lakini linaanguka juu ya nini? Zamani ulianguka sababu mwenye nguvu alikutupa, na chini kulikuwa kwenu.

Sasa nirudi kwenye kamati yetu, maana wao wako mbali na sisi tuko hapa. Kumfanya Sungura aombe musamaha ni kufanya kazi ile ile ya Disney bila feza ya Disney. Wenzangu wananiambia: wazazi watalalamika, kanisani watasema tunasifu mwongo. Nimewaza neno hilo kwa uzito, mimi pia ni mkristo na ni baba. Lakini nani kati ya watoto wetu ametoka kwenye hadisi ya kisima akaenda kuiba maji? Watoto wanajua sana kwamba Sungura ana kosa. Jembe alilikataa, bibi alilisema wazi, na sisi tulikasirika naye. Kisha alipofungwa kamba, wakubwa wote wamemzunguka, tulisahau hasira, tukataka apone. Mambo hayo mawili yanakaa pamoja katika kichwa cha mtoto wa miaka 6, ndiyo elimu yenyewe. Ukimpigisha magoti umebaki na somo la "usiibe", ambalo mtoto analo tayari, na umempokonya lile lingine: kwamba aliye mdogo, mikono ikiwa imenaswa yote miwili, bado ana mdomo. Katika mji huu ulioonja 1964, ulioonja 1996, tunataka kweli kumnyang'anya mtoto somo hilo?

Wengine wanasema shule haiwezi kufundisha mjanja. Nilipokuwa ISP tulisoma habari ya Leuk-le-Lièvre, kitabu ambacho Senghor na Abdoulaye Sadji walikitoa mwaka 1953 kwa watoto wa shule. Senghor, mwalimu wa sarufi ya Kifaransa, mtu aliyekuja kuwa rais, hakuona aibu kumweka sungura mwerevu mbele ya darasa. Leo sisi wenye diploma ndogo tunamwonea aibu!

Na tuseme ukweli wote. Kamati ikibadilisha mwisho, itakuwa imeharibu hadisi moja. Kwa zile nyingine hatuhitaji kamati: jioni televizyo inawaka, umeme ukikatika simu inawaka, bibi ameketi pembeni hakuna anayemwuliza neno. Watu wa Florida walipanga foleni kumwaga Sungura wao. Wetu anaondoka kila bibi anapozikwa, na foleni iliyopo ni ya msiba tu.

Mimi nimeanza kuandika. Wamama wawili wa Kilibula na mzee mmoja mvuvi wa Kalundu wamenipa hadisi ya kisima, kila mmoja kwa namna yake. Kwa mmoja Sungura anatupwa mu matete, kwa mwingine majivuni, kwa yule mvuvi anatupwa ziwani na kuogelea mpaka ng'ambo. Nyimbo zake hazifanani, hata Kobe kwa mmoja ni Chura. Hakuna hata mmoja kati yao ambaye Sungura wake anaomba musamaha. Daftari nitalileta kwenye mkutano ujao, na wale wamama wamekubali kuja nami. Anayetaka kubadilisha mwisho aje aubadilishe mbele yao.