Sauti za Port Talbot zina funzo kwa shule zetu

Miji, kama watu, hupenda kujivunia ukoo. Nenda utakako, hutakosa mwenyeji wa kukutajia mashuhuri waliozaliwa hapo: huyu mwanariadha, yule waziri, yule mwigizaji wa filamu. Orodha hizo hupendeza, na sisi walimu huzitumia kuwatia wanafunzi shime. Hata hivyo, aghalabu tunazikariri bila kujiuliza kuzaliwa mahali fulani humpa mtu nini hasa. Swali hilo nitalijibu kwa mfano wa mji mmoja mdogo wa ughaibuni, Port Talbot, ulioko pwani ya kusini ya Welisi, nchi ambayo ni sehemu ya Uingereza.

Port Talbot si mji wa kitalii. Ni mji wa chuma. Wakazi wake hawafiki 40,000, na katika miaka ya sitini kiwanda chake cha chuma cha pua kiliajiri karibu watu 18,000, hata ikawa shida kupata nyumba ambayo haikuwa na mtu aliyekula kwa jasho la tanuri. Lakini mji huohuo hutajwa katika kila kitabu cha historia ya uigizaji wa Kiingereza. Richard Burton ni wao. Anthony Hopkins, mshindi wa tuzo ya Oscar mwaka wa 1992 na tena mwaka wa 2021 akiwa na umri wa miaka 83, ni wao. Michael Sheen ni wao. Mchekeshaji Rob Brydon ni wao. Hata waziri aliyechangia kumwangusha Margaret Thatcher, Geoffrey Howe, alizaliwa hapo mwaka wa 1926.

Sasa tuzikague stakabadhi. Sheen alizaliwa Newport mwaka wa 1969, akahamia Port Talbot akiwa mtoto wa miaka minane. Burton naye alizaliwa mwaka wa 1925 katika kijiji cha Pontrhydyfen, juu bondeni, mwendo wa kilomita chache kutoka mjini. Kwa hivyo tukishika sheria ya kitovu na zalio, wawili kati ya watu hao wanafutwa kwenye orodha, na mmoja wao ndiye maarufu kuliko wote! Wanaobaki ni Hopkins, aliyezaliwa mtaa wa Margam siku ya mwisho ya mwaka wa 1937, Brydon wa mtaa wa Baglan, na Howe.

Howe, kwa upande wake, anatuonyesha udhaifu wa orodha kutoka pembe nyingine. Alizaliwa mjini hasa, mwana wa wakili, lakini alipelekwa kusoma Winchester, shule ya bweni ya kifahari huko Uingereza kwenyewe. Sauti yake ilikuwa ya upole na ya kuchosha, kiasi kwamba mwaka wa 1978 mpinzani wake Denis Healey alifananisha kushambuliwa naye na kushambuliwa na kondoo aliyekufa. (Tarehe 13 Novemba 1990 kondoo huyo alisimama bungeni, akaeleza kwa sauti ileile ya chini kwa nini amejiuzulu, na siku tisa baadaye Thatcher alitangaza kwamba anaondoka. Wanafunzi wa midahalo wanaodhani kwamba ushawishi ni kupaza sauti na waitafute hotuba hiyo.) Howe na Burton walipishana mwaka mmoja tu, na kilomita chache tu. Lau udongo ndio uzaao sauti, wangalifanana.

Ni nini basi kilichomtengeneza Burton? Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Richard Jenkins, mtoto wa kumi na wawili kati ya kumi na watatu wa mchimba makaa ya mawe. Mama yake alifariki mvulana akiwa hajatimiza miaka miwili, na dada yake mkubwa, Cecilia, aliyekuwa ameolewa mtaa wa Taibach mjini Port Talbot, akamchukua na kumlea. Nyumba yao ilikuwa ya Kiwelisi. Kiingereza alikikuta mjini na shuleni. Alipokaribia miaka kumi na sita aliacha masomo akafanya kazi katika duka la ushirika, akiuza nguo. Kwa watoto wengi wa tabaka lake hadithi ingekomea hapo.

Yake haikukomea hapo kwa sababu mji ulikuwa na watu wa aina fulani. Kulikuwa na chama cha vijana pale Taibach, na ndani yake mtu aitwaye Leo Lloyd aliyewafundisha vijana kuigiza. Tena kulikuwa na mwalimu Philip Burton, mwana wa mchimba makaa vilevile, aliyefundisha katika shule ya sekondari na kuandaa michezo ya kuigiza. Mvulana alirudishwa shuleni, na mwalimu huyo akaitwaa kazi ya kuifunza sauti yake. Alimpandisha kilimani akamtaka aseme maneno ya Shakespeare huku yeye mwenyewe akisogea mbali zaidi na zaidi, sharti likiwa kwamba asikike pasipo kupiga kelele. Mwalimu yeyote aliyewahi kusimamia mazoezi ya tamthilia uwanjani, upepo ukivuma, anajua ugumu wa zoezi hilo.

Mwaka wa 1943 mwalimu akawa mlezi wake wa kisheria. Alitaka kumwasili kabisa, ila sheria ilidai mzazi amzidi mtoto miaka 21, naye alipungukiwa na siku ishirini. Kijana alilichukua jina lake hata hivyo. Kila tunapotaja Richard Burton, tunataja jina la mwalimu wa shule ya sekondari. Sijui heshima iliyo kubwa kuliko hiyo ambayo mwanafunzi aliwahi kuipa taaluma yetu, na nashangaa hatuisimulii vyuoni.

Baada ya hapo mambo yalirithishana. Hopkins, mwana wa mwokaji mikate ambaye hakung'ara darasani, alikwenda kumwomba Burton sahihi yake alipokuja nyumbani kuwaona jamaa zake. Muda si mrefu alijiunga na kikundi cha maigizo cha YMCA mjini humo, na kutoka hapo akaenda chuo cha Cardiff. Sheen alilelewa na kikundi cha maigizo cha vijana wa mkoa. Mwaka wa 2011, wakati wa Pasaka, alirudi akaigiza mateso ya Kristo kwa siku tatu katika mitaa na ufuo wa mji, pamoja na wenyeji zaidi ya elfu moja. Chama cha vijana, YMCA, kikundi cha mkoa: hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichohitaji jumba la fahari. Kulihitajika ukumbi, mtu mzima mmoja mwenye bidii, na jioni ambazo mtoto hakusukumwa kukariri maswali ya mtihani.

Kama mwanaisimu siwezi kulipita suala la lugha. Kiwelisi huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, sawasawa na Kiswahili, kisha kiimbo hupanda silabi inayofuata. Mahubiri ya makanisa yao madogo yalikuwa na namna ya kupanda na kushuka ambayo ilikaribia kuwa wimbo, na mashindano yao ya eisteddfod humtaka mtoto aimbe au akariri shairi mbele ya kadamnasi akiwa bado mdogo. Mdundo huo ulihamia katika Kiingereza cha kusini mwa Welisi, nacho ndicho alichokulia Hopkins. Ni kweli kwamba Philip Burton aliipunguza lafudhi ya kijana wake ili akubalike katika majukwaa ya London. Tusilifiche jambo hilo. Lakini alijenga juu ya msingi uliokuwapo. Burton aliendelea kukisema Kiwelisi na ndugu zake maisha yake yote. Na mwaka wa 1954, redio ya BBC ilipotangaza mchezo wa Dylan Thomas uitwao Under Milk Wood, ambao ni wa Welisi kuanzia mwanzo hadi mwisho, aliyepewa sauti ya msimulizi alikuwa yeye.

Wapo waliotaka msingi huo ubomolewe. Katika karne ya kumi na tisa, shule kadhaa za Welisi zilikuwa na kibao cha mti kilichochongwa herufi W na N. Mtoto aliyenaswa akisema Kiwelisi alivikwa kibao hicho shingoni, naye alikivua kwa kumnasa mwenzake. Aliyekutwa nacho jioni alichapwa. Msomaji wa Kenya hahitaji kuelezwa zaidi. Ngũgĩ wa Thiong'o, katika kitabu chake Decolonising the Mind cha mwaka wa 1986, anasimulia desturi ya namna hiyohiyo katika shule za Kikuyu za utoto wake: kifungo kilichopitishwa mkono kwa mkono hadi jioni, na viboko mwishoni. Sisi tuliita diski. Mbinu ni moja hadi katika ule ufundi mwovu wa kuwageuza watoto kuwa makachero wa wenzao.

Nasema "tuliita" kwa adabu tu. Kila mwaka huwauliza wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza ni nani aliyewahi kubeba diski, na kila mwaka mikono huinuliwa. Mmoja aliniambia alivikwa kwa kusema Kiswahili siku ambayo haikuwa siku ya Kiswahili. Shule yake sitaitaja. Baadaye shule za aina hiyo hulalamika kwamba watoto wanapopanda jukwaani katika tamasha la maigizo husema kama mashine, kwamba hawana hisia, kwamba sauti hazifiki safu ya nyuma. Zifike vipi? Mtoto aliyefunzwa kwa miaka minane kwamba kinywa chake ni hatari hawezi kukifungua kwa amri ya mwalimu wiki tatu kabla ya mashindano ya mkoa.

Nimemtaja Ngũgĩ, naye ananirudisha kwenye suala la miji midogo. Alizaliwa Kamĩrĩthũ, Limuru, tarehe 5 Januari 1938, siku tano baada ya Hopkins. Limuru nao ni mji mdogo wa wafanyakazi, wa majani chai na kiwanda cha viatu cha Bata. Nao ulipata jukwaa lake. Mwaka wa 1977 wakulima na wafanyakazi wa Kamĩrĩthũ walijenga kwa mikono yao ukumbi wa wazi wa kukaa watu 2,000, wakaigiza humo Ngaahika Ndeenda, mchezo ulioandikwa na Ngũgĩ pamoja na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, katika lugha waliyoongea nyumbani. Ulianza kuonyeshwa mwezi wa Oktoba. Mwezi wa Novemba kibali kikafutwa. Siku ya mwisho ya mwaka huo, siku Hopkins alipotimiza miaka arobaini, Ngũgĩ alikamatwa na kuzuiliwa bila kushtakiwa. Machi 1982 ukumbi wenyewe ulibomolewa na polisi.

Sidai kwamba Kamĩrĩthũ ingetoa mshindi wa Oscar. Ninachodai ni kwamba vitu vilivyoifanya Port Talbot kuwa Port Talbot vilikuwapo Limuru: watu wa kazi za sulubu, lugha yenye nguvu, ukumbi, na mtu aliye tayari kufundisha. Wenzetu wa Welisi kibao chao kilitoweka, na mwaka wa 1982, mwaka uleule wa matingatinga yetu, walipata idhaa yao ya televisheni kwa Kiwelisi. Matanuri ya Port Talbot yalizimwa mwaka wa 2024, na maelfu wakapoteza kazi. Haijulikani vikundi vya jioni vitaishi vipi bila mishahara ya chuma. Hilo ni jambo la kusikitisha, lakini si la kuwapiga watoto viboko kwa sababu ya lugha ya mama zao.

Mtaala wa umilisi uliokuja badala ya 8-4-4 umeipa sanaa njia yake katika sekondari ya juu. Ni hatua njema. Wazazi wengi, hata hivyo, wangali wanaiona njia hiyo kuwa ya watoto walioshindwa na hesabu, na walimu wakuu wengi huukumbuka uigizaji muhula wa kwanza tu, basi la shule linapotafutiwa mafuta ya kwenda tamashani. Ningependa mwalimu mkuu anayesoma makala haya afanye mambo mawili yasiyogharimu senti. La kwanza, aikusanye diski iliyomo shuleni mwake, iwe ya mti, ya bati au ya karatasi, aitupe. La pili, amwachie mwalimu mmoja jioni moja kila wiki, mwaka mzima, achukue watoto wanaotaka kwenda naye uwanjani, na awaache waseme kwanza kwa lugha yoyote waliyo nayo.

Ngaahika Ndeenda ilipandishwa tena jukwaani Mei 2022, katika Ukumbi wa Kitaifa wa Maigizo jijini Nairobi, kwa Kiingereza na kwa Kikuyu. Watu walijaa. Aliyetoka Limuru kwenda kuutazama mchezo huo uliozaliwa kwao ilimbidi apande matatu.