Jukwaa la vikaragosi: jenga dogo linalofika, siyo kubwa linalobaki stoo

Mavuno ya mahindi yanakaribia, na vikundi kadhaa vinajiandaa kutumia vikaragosi kwenye siku ya mkulima. Jambo zuri sana. Ila kila kikundi kinaanza na swali lile lile: "Tuchonge jukwaa la namna gani?" Na wengi wameshachora picha kichwani: la mbao, lenye paa, limepakwa rangi na nembo ya kikundi mbele.

Mimi hilo silikubali. Kwa kazi tuliyonayo, jukwaa zuri ni lile linalobebwa na bodaboda moja na kusimamishwa na watu wawili ndani ya robo saa. Ngoja nieleze.

Kwanza, tunafanya maonyesho ya nini?

Wewe unayekusanya mahindi kwa majirani na kuyauza kwa jumla, jina lako sokoni liko mikononi mwa majirani hao. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Siku chache baadaye ikafungua mpaka kwa masharti, mojawapo likiwa cheti kuonyesha kwamba sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Na siyo suala la biashara tu. Mwaka 2004 watu 125 walifariki mashariki mwa Kenya kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, na mwaka 2016 ilipoteza maisha ya watu hapa kwetu, Dodoma na Manyara.

Sasa, utamwambiaje mama mtu mzima mbele za watu kwamba anaanika mahindi vibaya? Huwezi, ni kumvunjia heshima. Kikaragosi anaweza kujisema mwenyewe. Akimwaga mahindi kwenye udongo, kuku wakapita juu, mvua ikaja, watu wote wanacheka. Anayefanya hivyo nyumbani anacheka pia, halafu anawaza njiani. Ndiyo maana miaka ya 1990 vikundi vya vikaragosi Kenya vilizunguka kufundisha habari za UKIMWI, jambo ambalo watu waliona aibu kulitaja.

Basi, anayeanika chini yuko wapi? Yuko kitongojini, kwenye gulio, mashineni anakosagia unga. Jukwaa lisilofika huko ni pambo.

Chagua mahali kabla ya jukwaa

Hapa ndipo pesa inapotea. Watu wanamlipa fundi kwanza, halafu ndiyo wanatafuta pa kuliweka. Anza na swali moja: watazamaji watakaa au watasimama?

Kwenye gulio watu husimama. Hapo ukingo wa jukwaa, pale vikaragosi wanapotokea, uwe juu kidogo ya kichwa cha mchezeshaji mrefu kuliko wote, kama sentimita 180. Wachezeshaji wanasimama na kunyoosha mikono juu. Ukiweka ukingo chini ya hapo, safu ya mbele inaona na wengine wanaona visogo tu.

Kwenye mkutano wa kitongoji ambako watu wanakaa kwenye mikeka na mabenchi, sentimita 120 zinatosha, na wachezeshaji wanakalia ndoo au vigoda. Safu ya mbele ikae mita mbili au tatu kutoka jukwaani, watoto wasivunjike shingo.

Upana wa sentimita 150 hadi 180 unatosha wachezeshaji wawili au watatu. Usiende zaidi ya hapo. Kikaragosi wa mkononi ni mdogo, mtu aliye mita 15 nyuma tayari anakisia tu. Wakija watu mia tatu, cheza mara mbili au tatu kwa makundi. Kupanua jukwaa hakumfanyi kikaragosi awe mkubwa.

Jua, upepo, sauti

Jua liwe mgongoni kwa watazamaji na usoni kwa vikaragosi. Onyesho la saa kumi jioni, watu waipe magharibi mgongo. La saa tatu asubuhi, kinyume chake. Ukikosea, watu wanakunja macho, na jua linalotoka nyuma ya jukwaa linaonyesha vivuli vya wachezeshaji kwenye kitambaa. Hapo utamu wote umeisha.

Kitambaa kikipigwa na upepo kinakuwa tanga la jahazi. Funga kiroba cha mchanga kwenye kila mguu, halafu vuta kamba mbili nyuma hadi kwenye vigingi. Na msijipange karibu na mashine ya kusaga. Sauti inayotoka nyuma ya pazia hufifia, kwa hiyo mmoja wenu asimame mbele ya jukwaa aongee na vikaragosi: "Eti mzee, unasema mahindi yamekauka? Umeyapima?" Watu wakikosa neno la kikaragosi, watalipata kwake.

Vifaa unavyo tayari

Fremu ni mabomba ya plastiki ya inchi moja na viungo vyake, elbo na tii. Usitie gundi, ili ulifungue na kulifunga. Kama hayapo, mianzi na mpira wa baiskeli vinafanya kazi. Mbele weka kitambaa kizito chenye rangi moja, kisichopitisha mwanga. Kitenge cha maua kinashindana na vikaragosi wako. Nyuma weka kitambaa cheusi. Kama hata hicho hakuna, kamba na blanketi mlangoni pa ghala ni jukwaa tayari. Kirikuu nayo ni jukwaa, shusha ubao wa nyuma na ufunge pazia.

Wakulima wa mpunga wa kaskazini mwa Vietnam walilijua hili zamani. Kuna maandishi kwenye jiwe, ya mwaka 1121, yanayotaja vikaragosi wao wa majini. Wachezeshaji husimama ndani ya maji hadi kiunoni, nyuma ya pazia la mianzi, na fimbo ndefu za kuendeshea vikaragosi hupita chini ya maji zisionekane. Hawa ni watu wa majaruba. Maji walikuwa nayo, wakayafanya jukwaa.

"Lakini afisa, jukwaa kubwa linatutangaza"

Hoja hiyo naisikia, na ina ukweli. Kama kikundi chenu kina banda la kudumu kwenye viwanja vya Nane Nane, jengeni la mbao, litawafaa miaka. Lakini Nane Nane ni siku chache kwa mwaka, na mahindi yanaoza vijijini siku zote nyingine. Jukwaa zito linataka gari, gari linataka mafuta, mafuta yanataka mchango, na mchango ukikosekana onyesho linaahirishwa hadi mahindi yameshaingia ghalani. Hapo mmechelewa, maana sumukuvu haionekani kwa macho na ukavu wa kesho hauiondoi iliyokwisha kuingia.

Kwa hiyo, kabla ya kumlipa fundi, fanyeni jaribio hili. Funga kanga kwenye kamba kwa urefu mnaoutaka, mmoja ainue kikaragosi, mwingine akae pale bibi wa mwisho atakapokaa. Akiona na kusikia, vipimo vyenu ni hivyo. Asiposikia wala kuona, badilisheni mahali kwanza, halafu ndiyo mfikirie jukwaa. Pesa itakayobaki nunueni kipima unyevu, maana mkishawafundisha watu kukausha, lazima muweze kuwapimia.