Umeme Tuli Usiotulia: Hoja Kuhusu Istilahi za Hatari Viwandani

Wanaistilahi wamezoea kuupima ufaafu wa neno kwa vigezo vya usahihi, ufupi na uwiano. Tungependa kuongeza kigezo kingine, nacho ni usalama wa yule atakayelisoma neno hilo ukutani huku mkononi ameshika ndoo ya kiyeyushi. Neno tunalolikusudia ni "umeme tuli".

Darasani halina ubaya. Hulitenga tukio la chaji zinazokaa juu ya kitu na lile la mkondo upitao katika waya. Lakini kiwandani chaji haziui zikiwa zimetulia, huua zinaporuka. Unga unaposukumwa ndani ya bomba, kitambaa kinapopita juu ya rola, au mafuta yanapomiminwa kwa kasi, vitu viwili hugusana na kuachana, kimoja kikabaki na chaji hasi na kingine chanya. Zisipopata njia ya kwenda ardhini hurundikana, hatimaye cheche ikaruka. Mvuke wa petroli huweza kuwashwa na nishati ya takriban milijuli 0.2, ilhali mtu kwa kawaida hahisi mshtuko mpaka nishati ifikie kama milijuli 1. Yaani cheche isiyohisiwa na kidole yatosha kuteketeza ghala. Mfanyakazi aliyeambiwa kuwa umeme huo ni "tuli", na ambaye hajapigwa shoti hata mara moja, ana sababu gani ya kuuogopa?

Uzito wa maneno ya tahadhari si jambo la kudhaniwa tu. Tarehe 17 Julai 2007, huko Valley Center, Kansas, nchini Marekani, tangi la kiyeyushi lililipuka katika kampuni ya Barton Solvents, na maelfu ya wakazi wakahamishwa. Tangi lilikuwa limeungwa na ardhi. Wachunguzi wa serikali walihitimisha kuwa yaelekea cheche ilitokea kwenye boya la kipimo cha kina, ambalo kiungo chake kilikuwa kimelegea. Waliona pia kuwa karatasi ya maelezo ya usalama haikubainisha vya kutosha kwamba kiyeyushi hicho hulimbikiza chaji na huweza kufanya mchanganyiko wa kulipuka ndani ya tangi, wala kwamba kuunga na ardhi kwa njia ya kawaida huenda kusitoshe. Na karatasi hiyo waliandikiwa watu kwa lugha yao wenyewe!

Kwa maandishi ya kiwandani, basi, tunapendekeza "umeme wa msuguano". Mwanafizikia atapinga kwamba mguso na mwachano hutosha, hata bila kusugua. Ni kweli, hata hivyo neno hili humwonyesha msomaji hatari inakoanzia, jambo ambalo "tuli" halifanyi. Isitoshe, historia iko upande wetu. Kaharabu, ambayo ikisuguliwa huvuta mabua makavu, imelipata jina lake kutoka Kiajemi kwa maana hiyohiyo ya kuvuta bua. Na "umeme" wenyewe, kabla ya kuja nyaya, ulikuwa mmweko wa angani, ambao ni chaji zilizolimbikana zikiruka.

Vilevile tusione haya kuandika "ethi". Mafundi wanalo neno hilo tayari, na "utuo wa chaji ardhini" hautamwokoa mtu. Tangazo la mlangoni lingesomeka hivi: Umeme wa msuguano huwasha mvuke. Unga ethi pipa na chombo kabla ya kumimina. Mimina polepole. Usitumie ndoo ya plastiki.