Mwanafunzi Aliye Katika Matazamio Asiachwe Peke Yake

Kila mwaka, ifikapo miezi ya Julai na Agosti, wakati ukungu umetanda Tukuyu na baridi ya Mlima Rungwe imeshuka mpaka mabondeni, mabasi huwarudisha nyumbani vijana wetu wanaosoma katika vyuo vikuu vya Mbeya, Dodoma na Dar es Salaam. Hupokewa kwa shangwe, na wazazi huwatazama kwa fahari. Lakini miongoni mwao wamo wanaorudi na siri nzito moyoni. Alama zao hazikufikia kiwango. Wametakiwa kufanya mitihani ya marudio, au wamepewa onyo kwamba muhula ujao ndio wa mwisho iwapo hawatajirekebisha.

Kijana wa namna hiyo aghalabu hamwambii mtu. Asubuhi hushika panga akaingia migombani, au hubeba kikapu akaenda kuchuma majani ya chai. Jioni akiulizwa habari za masomo hujibu kwamba ni nzuri. Wiki zapita, vitabu havijafunguliwa. Mwezi wa Septemba hurejea chuoni kufanya mtihani akiwa hana alichokiongeza tangu alipouanguka ule wa kwanza.

Ndugu msomaji, hatari iliyo mbele ya kijana huyo si ndogo. Katika vyuo vikuu vyetu, ambako ufaulu hupimwa kwa kipimo cha alama 5, mtu hawezi kutunukiwa shahada akiwa na wastani ulio chini ya 2.0. Akishindwa tena huondolewa chuoni, jambo ambalo vijana wenyewe hulitaja kwa mzaha kuwa ni "kudisko". Lakini mzaha huo hauufuti mkopo. Fedha alizopewa na Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, hubaki kuwa deni hata kama shahada haikupatikana. Siku atakapoajiriwa, atakatwa asilimia 15 ya mshahara wake. Atalipia safari ambayo hakufika mwisho wake.

Wengi wetu tulio katika utumishi wa umma tunalifahamu neno "matazamio". Mtumishi mpya huwekwa katika kipindi hicho kwa mwaka mmoja kabla ya kuthibitishwa kazini. Lakini hatupi faili na kumwambia, "Tutaonana baada ya miezi 12." Anaye mkuu wake wa kazi, anayemwonyesha taratibu, anayemsahihisha barua, na anayepaswa kutoa taarifa juu ya maendeleo yake. Matazamio yasiyo na mtazamaji ni mtego tu. Hapana budi tujiulize: iwapo mtumishi aliyekwisha kuhitimu hupewa mwangalizi, kwa nini mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aachiwe barua ya onyo peke yake?

Wako watakaosema kwamba kijana aliyeshindwa ni mvivu, na kwamba kumsaidia ni kushusha hadhi ya elimu. Haikatailiki kwamba wavivu wapo. Lakini mwalimu yeyote mwenye uzoefu anajua kuwa kushindwa kuna sababu nyingi. Yuko aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, akapita sekondari kwa kukariri Kiingereza, kisha akajikuta katika ukumbi wa mamia ya watu ambamo mhadhiri hajui jina lake. Yuko aliyeishiwa fedha ya chakula katikati ya muhula. Yuko pia aliyekuwa wa kwanza shuleni kwao, na kwa sababu hiyo hajapata kamwe kujifunza namna ya kuomba msaada. Msaada tunaoutaka hapa si wa kumwongezea alama. Mtihani ubaki ule ule, na msahihishaji awe mkali vile vile. Kinachotakiwa ni kwamba atakapouingia mtihani huo awe amejiandaa.

Maandalizi yenyewe si muujiza. Kwanza, kijana akae na mtu mzima, wafanye hesabu bila kuoneana haya. Mwanafunzi aliyepata wastani wa 1.6 katika muhula wa kwanza, ikiwa mihula miwili ina uzito sawa, anahitaji 2.4 katika wa pili ili afikie 2.0. Hilo ni lengo linaloonekana, na mtu akiliona lengo hofu hupungua. Pili, achukue mitihani ya miaka iliyopita, aijibu kwa kalamu na karatasi kwa muda uliowekwa, na majibu yake yasomwe na mwingine. Wengi husoma sana lakini hawaandiki. Tatu, sababu iliyomwangusha itajwe kwa jina lake. Ikiwa ni lugha, aandike ukurasa mmoja kila siku. Ikiwa ni ugonjwa au fedha, mlezi wa wanafunzi chuoni aarifiwe mapema, wala si baada ya matokeo kutangazwa.

Haya yote yanaweza kufanyika hapa hapa Rungwe, maana miezi ambayo kijana anahitaji msaada ndiyo miezi aliyopo nyumbani. Wilaya yetu ina vyuo vya ualimu vya Tukuyu na Mpuguso. Ina shule za sekondari ambazo madarasa yake huwa wazi baada ya saa kumi alasiri. Ina walimu, wauguzi, mabwana shamba na wahasibu waliopitia vyuo hivyo hivyo. Darasa moja, taa moja, na mtumishi mmoja anayejitolea jioni mbili kwa wiki vyatosha kuanzia.

Wala jambo hili si geni katika nchi hii ya Wanyakyusa. Wazee wetu walijenga vijiji vya rika, ambamo vijana wa umri mmoja waliishi pamoja, na waliita "ukwangala" yale mazungumzo na urafiki ambamo mtu hupata busara kutoka kwa wenzake. Kijana anayejificha migombani na aibu yake amejinyima ukwangala wakati anapouhitaji kuliko wakati wowote.

Tukumbuke pia historia ya Taifa letu. Mwaka 1967, watu wazima 67 kati ya kila 100 hawakujua kusoma na kuandika. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na aliyejua akamfundisha asiyejua, chini ya miti na katika maghala. Kufikia mwaka 1986, kwa takwimu za Serikali, wasiojua walikuwa wamebaki kama 10 kati ya kila 100. Hakuna aliyemcheka mzee kwa kushika chaki akiwa na mvi.

Basi wazazi wawaulize watoto wao juu ya masomo kwa namna inayowaruhusu kusema kweli. Walimu na watumishi watoe jioni zao mbili. Na wewe kijana uliyerudi na barua mfukoni, itoe usiku huu, uiweke mezani. Septemba haiko mbali.