Setilaiti Haikukausha Mifereji ya Kariokor

Pete ya chuma yenye upana wa mita mbili na nusu na uzito wa kilo zipatazo 500 ilianguka kutoka angani kijijini Mukuku, kaunti ya Makueni, tarehe 30 Desemba 2024. Wakenya waliipiga picha, wakaifanyia mzaha, kisha wakarudi kwenye swali lao la miaka yote. Mimi nililisikia katika soko la Kariokor, Nairobi, kwenye meza ya nyama choma. Ubao wa mbavu ulikuwa umeletwa, kachumbari imemwagwa pembeni na chumvi imerundikwa ncha moja ya ubao, naye fundi wa viatu vya ngozi akamgeukia jirani yake aliyemzidi umri.

"Mzee, hawa watu wa anga wanatafuta nini huko juu, na sisi huku mifereji imekauka?"

"Hayo ni mambo ya wazungu, kijana wangu. Waache wachezee pesa zao."

Meza nzima ikaafiki. Hakuna aliyeona kwamba wawili hao walikuwa wamepingana. Mmoja analalamika kwamba pesa zetu zinapotea angani, mwingine anasema pesa hizo wala si zetu. Maoni haya hutembea pamoja mjini kote, na kwa kuwa yanasikika kama busara ya mnyonge, ni nadra mtu kuyahoji.

Tuanze na pesa. Setilaiti ya Taifa-1, iliyorushwa kwa roketi ya SpaceX kutoka California tarehe 15 Aprili 2023, iligharimu takriban shilingi milioni 50. Wahandisi wa Kenya waliitengeneza wakishirikiana na kampuni moja ya Bulgaria. Kariokor iko katika eneo bunge la Starehe, na kila eneo bunge nchini limekuwa likipata zaidi ya shilingi milioni 100 kwa mwaka kutoka NG-CDF, hazina ya maendeleo ya maeneo bunge. Kwa hiyo setilaiti hiyo ilikula chini ya nusu ya mgao wa mwaka mmoja wa eneo bunge moja. Maji ya Nairobi yana hadithi yake. Mengi hutoka bwawa la Ndakaini, na sehemu kubwa hupotea njiani kwa sababu ya mabomba yaliyochakaa na wizi. Futa Taifa-1 leo, hutapata hata mtungi mmoja wa ziada. Anayetaka kujua maji yalikokwenda na afuate bomba.

Nakubali kwamba kuna safari za anga ambazo fundi ana haki ya kuzikataa. Mpango wa Apollo, uliomfikisha binadamu mwezini Julai 1969, uliwagharimu Wamarekani dola zipatazo bilioni 25 za wakati ule. Mwanasiasa wa hapa akituahidi Mkenya mwezini, tumcheke bila huruma. Lakini hakuna anayeahidi hivyo, na hoja inayopinga jambo lisilokuwepo hushinda kirahisi mno.

Swali la fundi liliwahi kuulizwa kwa barua. Mwaka 1970 mtawa aliyekuwa akihudumu Zambia, Sister Mary Jucunda, alimwandikia Ernst Stuhlinger, mwanasayansi wa NASA, akimuuliza vipi mabilioni yatumike kwenda Mars ilhali watoto wanakufa njaa. Stuhlinger alimjibu kwa heshima na kwa urefu, akisema kwamba utafiti wa anga huzaa maarifa ambayo mwishowe huwalisha watu. Ni jibu linalosifiwa hadi leo. Mimi naliona pungufu kwa msomaji wa Afrika, maana linamweka upande wa kupokea tu, kana kwamba kazi yake ni kungoja maarifa yaive kwingine.

Na mwaka huohuo, kazi yenyewe ilikuwa ikifanyika kwetu. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka saba tangu ipate uhuru, roketi aina ya Scout iliruka kutoka jukwaa la Kiitaliano la San Marco, lililosimama baharini katika ghuba ya Ngwana, kaskazini mwa Malindi. Ilibeba setilaiti ya NASA iliyopewa jina Uhuru kwa heshima ya siku hiyo. Ilikuwa ya kwanza duniani kutengenezwa mahsusi kwa kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani. Iliorodhesha vyanzo 339 vya miale hiyo, na vipimo vyake vya Cygnus X-1 vikawa miongoni mwa ushahidi wa mwanzo kwamba mashimo meusi yapo kweli. Riccardo Giacconi, aliyeongoza utafiti huo, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Pwani yetu haikuchaguliwa kwa mandhari. Malindi iko nyuzi tatu tu kusini mwa ikweta, ambako mzunguko wa dunia huisukuma roketi kwa kasi inayokaribia kilomita 1,670 kwa saa, na mashariki yake ni bahari tupu. Kati ya 1967 na 1988 setilaiti tisa ziliruka pale. Hadi miaka ya karibuni, darubini ya Swift ya NASA imekuwa ikishusha data zake kupitia antena za Malindi.

Kwa hiyo yule mzee amekosea: hayakuwa mambo ya wazungu peke yao. Ila ana haki ya kuhisi hivyo. Kariokor ilianza kama makao ya wapagazi wa Vita Vikuu vya Kwanza, watu waliobeba mizigo ya vita ambavyo historia yake imejaa majina ya majenerali. San Marco nayo ilikaribia kuwa hivyo. Bahari ilikuwa yetu na wenyeji waliajiriwa kituoni, lakini vyombo, data na tuzo vilikwenda kwingine. Chuo Kikuu cha Nairobi, ambacho unaweza kukifikia kwa miguu kutoka sokoni, kilipata hadhi ya chuo kamili mwaka uleule wa 1970. Kilingoja hadi Mei 2018 ndipo setilaiti yake, 1KUNS-PF, mchemraba wa sentimita kumi kila upande, ikaachiliwa kutoka Kituo cha Anga cha Kimataifa. Miaka 48! Hasara yetu ya angani iko hapo, na imetokana na kujifunza kidogo mno.

Na anga halitungoji tujadiliane. Mbuzi wengi wanaochinjwa katika machinjio ya Kiamaiko hutoka kaskazini, na tangu 2010 wafugaji wa Marsabit wamekuwa na bima ambayo fidia yake huamuliwa na setilaiti: malisho yakipungua ukijani kupita kiwango kilichowekwa, mfugaji hulipwa bila mtu kwenda kuhesabu mizoga. Mawingu ya mvua kubwa ya Aprili 2024 yalionekana kwa setilaiti kabla Mto Nairobi haujafurika. Hapo mpinzani wangu ana hoja nzito kuliko ile ya maji: picha haiokoi mtu kama anayeishi bondeni hana pa kuhamia. Ni kweli. Lakini hilo ni deni la kaunti na serikali kuu, na deni la nyumba isiyojengwa halilipwi kwa kuvunja setilaiti.

Hata ile pete ya Mukuku inahitaji wajuzi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1972 unaibebesha nchi iliyorusha chombo jukumu la kulipia madhara yake ardhini. Lakini lazima kwanza uthibitishe kilichoanguka ni cha nani, na hilo halifanywi na mtu aliyeambiwa anga si lake.

Basi tuulize maswali yenye meno. Picha za Taifa-1 zilimfikia mkulima gani, na kwa bei gani? Mkataba mpya na Italia kuhusu kituo cha Malindi, uliotiwa saini 2016, unazungumzia mafunzo na matumizi ya data: ni Wakenya wangapi wamefunzwa, na nani anazitumia data hizo? Shirika la Anga za Juu la Kenya linaendeshwa kwa kodi yetu, ikiwemo ya fundi wa viatu. Mbunge wa Starehe akija tena sokoni kuomba kura, aulizwe hayo pamoja na maji.