Mlima wa Watu Wote

Wengi wetu tukisikia habari za mchezo wa kuteleza thelujini hudhani kuwa hiyo ni anasa ya matajiri. Dhana hiyo haikuzuka bure. Katika jimbo la Idaho, Marekani, kituo cha Sun Valley kilifunguliwa mwaka wa 1936, na tangu hapo kimewavutia waigizaji wa sinema na wenye mali.

Hata hivyo, katika jimbo hilo hilo mimi nilivutiwa zaidi na Bogus Basin, mlima ulio karibu na mji wa Boise. Kituo chake kilifunguliwa mwaka wa 1942, nacho huendeshwa na shirika lisilotafuta faida. Nilianguka mara nyingi kuliko nilivyosimama, lakini sikuona haya, kwani kando yangu wanafunzi na walimu wao walikuwa wakianguka vivyo hivyo na kucheka.

Mwaka wa 1998 wasimamizi walipunguza ada ya msimu mzima kutoka takriban dola 500 hadi dola 199. Badala ya kufilisika, waliuza tikiti kwa maelfu. Ada hiyo imepanda tangu wakati huo, lakini funzo lake halijachakaa: haba na haba hujaza kibaba.

Naamini mchezo hauwi wa umma kwa kusifiwa tu. Huwa wa umma pale mtoto wa kibarua anapomudu kiingilio leo, akarudi kesho na keshokutwa, mpaka akahitimu. Anayepanga bei ndiye anayeamua ni nani atakayejifunza.