Pikipiki ya Umeme Isije na Dhuluma ya Kadi

Kila msimu wa korosho, minada inapoanza mwezi Oktoba na fedha kuwafikia wakulima kupitia vyama vyao vya msingi, pikipiki hununuliwa kwa wingi Masasi na Newala. Wanunuzi hao hawafuati anasa. Juu ya uwanda wa Makonde maji yamekuwa shida tangu enzi za mababu, vijiji viko mbali na hospitali, na barabara za kuteremka na kupanda ni kali. Pikipiki ndiyo hubeba mgonjwa, ndiyo hubeba madumu ya maji, na ndiyo ajira ya kijana aliyemaliza shule bila kazi.

Lakini na iulizwe: kadi ya pikipiki hiyo imeandikwa jina la nani? Hapo ndipo dhuluma ilipojificha.

Katika mikataba mingi ya bodaboda, kijana hukabidhiwa chombo na kulipa kila juma, mwaka mzima au zaidi, mpaka atimize bei ambayo huizidi sana ile ya dukani. Siku anapolipa fungu la mwisho huambiwa kadi imewekwa rehani, au imepotea, au mwenyewe amehamishiwa mkoa mwingine. Amelipa fedha, hana mali. Akisimamishwa barabarani hana cha kuonyesha. Akitaka mkopo hana dhamana. Mwenye kadi akifariki, warithi hudai pikipiki ya marehemu. Na kwa Wamakonde, Wayao na Wamakua, ambao desturi ya urithi wa upande wa mama ingali na nguvu miongoni mwao, mjane na watoto huvutana na wajomba na wapwa, huku kijana aliyeilipia akisimama pembeni kama mgeni.

Mwenye kadi huyo ni nani? Mara nyingi si tajiri wa mbali. Ni mwalimu, karani, mganga au ofisa aliyekopa kwa dhamana ya mshahara wake, akanunua chombo na kukitoa kwa mkataba. Kuwekeza si kosa. Kosa ni kukalia kadi baada ya kupokea senti ya mwisho. Mtumishi anayewahimiza wananchi kutii sheria mchana, kisha akafungia sandukuni haki ya kijana aliyemlipa, hana tofauti na mnyonyaji anayemlaani majukwaani.

Tena anajichimbia shimo mwenyewe. Faini za barabarani huandikwa kwa namba ya chombo. Ajali ikitokea, jina la kwanza kutafutwa ni lililomo katika kadi. Sheria ya kodi ya usajili na uhamisho wa magari imekuwapo tangu mwaka 1972, na Mamlaka ya Mapato ndiyo yenye daftari la magari. Mkataba uliotiwa saini mbele ya mtendaji wa kijiji ni ushahidi wa mapatano tu. Hauliandiki jina la mnunuzi katika daftari hilo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Sasa zinakuja pikipiki na bajaji za umeme. Rwanda ilikwisha amua kuwa kuanzia Januari 2025 pikipiki mpya za abiria zinazosajiliwa mjini Kigali ziwe za umeme. Ethiopia ilizuia uingizaji wa magari ya petroli mwaka 2024. Tanzania nayo vyombo hivyo vimekwisha ingia, na nchi ina umeme wa bwawa la Julius Nyerere, lililojengwa kutoa megawati 2,115. Uwanda wa Makonde hautaachwa nje, na haufai kuachwa nje.

Hata hivyo, chombo cha umeme kinaongeza fundo juu ya fundo. Betri ndiyo sehemu yenye thamani kubwa kuliko zote, na katika mpango wa kubadilishana betri vituoni, betri hubaki mali ya kampuni huku pikipiki ikiuzwa kwa dereva. Kampuni yaweza hata kukizima chombo kutoka mbali dereva akichelewa kulipa. Je, aliyenunua pikipiki isiyotembea bila betri ya mwingine amenunua nini? Akiiuza, anauza nini? Mtu hawezi kumuuzia mwenzake kile asichokuwa nacho. Bila maandishi yanayotenga mali ya huyu na ya yule, mnunuzi wa pili atanunua kesi.

Wako wanaodai kuwa tatizo ni gharama: ada ya uhamisho, ushuru wa stempu, kadi mpya, na nauli ya kwenda ofisini. Gharama ipo, wala haipaswi kudharauliwa. Lakini gharama hiyo inajulikana siku mkataba unapoandikwa. Anayeweza kuhesabu marejesho ya kila juma kwa mwaka mzima hashindwi kuandika nani atalipia uhamisho na siku gani.

Yanayotakiwa yanatekelezeka. Kadi ya chombo cha umeme ionyeshe nguvu ya mota kwa kilowati, maana ujazo wa injini hakina. Ionyeshe namba ya betri kama inauzwa pamoja na chombo, au itamke wazi kuwa betri ni ya kukodi. Jina la anayedai liandikwe katika daftari, na liondolewe katika siku zilizowekwa baada ya deni kwisha. Mikataba iandikwe kwa Kiswahili, ambacho tangu mwaka 2021 ndicho lugha ya sheria na mahakama. Maofisa wa mapato wawafuate wananchi minadani na vyamani wakati wa msimu, badala ya kuwangoja mjini.

Walimu na watumishi wa Masasi na Newala hawana haja ya kungoja waraka kwa lililo mikononi mwao. Aliyekwisha lipwa atoe kadi sandukuni, aende na kijana wake ofisini, umiliki uhamishwe. Wakifanya hivyo sasa kwa pikipiki za petroli, zile za umeme zitakuta njia iliyokwisha safishwa. Wasipofanya, teknolojia mpya itapanda uwandani ikiwa imebeba dhuluma ile ile, na kijana atalipa mara ya pili.